Lori moja, magodoro kumi na nane: tulivyohamisha timu kutoka Nakuru hadi Kisumu

Nimeandika haya nikiwa nimerudi Nakuru, daftari la vifaa upande huu, simu yenye picha za safari upande ule. Mimi ni mtunza vifaa wa timu ya kandanda. Jina la timu sitalitaja, maana bado naidai mshahara wa miezi miwili na sitaki kujiharibia. Tuko NSL, ligi ya pili kutoka juu, na ni timu ya kulipwa, kwa maana kwamba mkataba unasema tutalipwa.

Tulihama kwa sababu mbili. Ya kwanza, hatukuwa na pa kuchezea. Tangu uwanja wa Afraha ubomolewe ili ujengwe upya, tulikuwa timu ya kuazima viwanja vya shule, leo huku kesho kule. Ya pili, tulipata mfadhili mpya, na biashara zake ziko Kisumu. Viongozi walikaa kikao Jumapili moja, Jumatatu wakajaza fomu ya uwanja wa nyumbani, Jumanne wakanipigia simu nitafute lori.

Siku ya 1, Jumatano: Nakuru

Lori aina ya Canter lilifika saa mbili asubuhi kwenye stoo yetu ya mabati, mwendo wa dakika tano kutoka Afraha. Nilikuwa nimeshaandika orodha: mipira 31, mitatu kati yake haishiki upepo, jezi seti nne, vizibao vya mazoezi, koni, nyavu mbili, machela, birika la lita 20, sufuria za nyumba ya wachezaji, magodoro 18, na kabati la vikombe lenye vikombe viwili, kimoja kikiwa cha mashindano ya mtaa.

Nilisimama kidogo kwenye uzio wa Afraha nikapiga picha ya winchi na nguzo za zege. Watu wa Nakuru wamezoea kuachwa. Nakuru All Stars ndio waliokuwa mabingwa wa ligi ya taifa mwaka 1963, wakarudia mwaka 1969, na leo ukimtajia kijana wa mtaa wa Section 58 jina hilo atadhani ni bendi. Halafu wakawa wanajeshi wa Ulinzi Stars, waliocheza Afraha miaka mingi na kuchukua ubingwa wa 2010 wakiwa hapa hapa. Nao wakaenda zao Lang'ata, Nairobi, kwenye uwanja wa jeshi. Sisi tulikuwa wadogo mno hata kuorodheshwa kati ya walioondoka.

Kati ya wachezaji 24, waliokubali kuhama walikuwa 15. Beki wetu wa kulia ana bodaboda inayomlipa kuliko timu. Mwingine mkewe ni mwalimu hapa mjini, watoto wako shule. Mmoja alisema tu, "Kisumu joto," akaenda kulala.

Saa sita mchana lori lilikuwa limejaa na turubai limefungwa. Hapo ndipo mama wa mayai alipokuja. Huyu ametuuzia mayai ya kuchemsha na chai kwa misimu mitatu, kwa mkopo, na kila kitu kiko kwenye daftari la kurasa 96 lenye jalada la bluu. Hakupiga kelele. Aliweka kigoda chake mbele ya gurudumu la mbele, akakaa, akafungua daftari.

"Mkubwa," akaniambia, "lori haliondoki."

"Mama, deni ni la timu."

"Na timu iko wapi? Si ndiyo hii mmeipakia?"

Deni lilikuwa shilingi 3,460. Nilimpigia mweka hazina, hapatikani. Nikampigia kocha, ambaye alikuwa ameshatangulia na matatu, akasema nimwambie asubiri. Mama akasema atasubiri, ana siku nzima. Dereva naye alianza kuhesabu saa, maana mkataba wake ulikuwa wa siku moja. Mwishowe tulichanga mimi, kipa na vijana wawili wa kubeba mizigo tukapata 1,000. Zilizobaki, 2,460, aliniandikia mimi binafsi, kwenye ukurasa mpya: *Mtu wa jezi*. Kisha akatupakia mayai manane kwenye mfuko wa karatasi na chumvi pembeni, akaondoa kigoda.

Katika mji wenye watu laki kadhaa, huyo ndiye aliyejaribu kuizuia timu isiondoke.

*Kwa atakayehamisha mizigo njia hii:* sisi tulilipa 25,000 pamoja na mafuta, wapakiaji ni juu yako. Andika orodha ya kila kilichomo, piga muhuri wa klabu au wa duka, ukae nayo mbele kwa dereva. Barabarani utaulizwa. Na uondoke asubuhi, usiwe kama sisi tulioondoka saa tisa na dakika arobaini.

Tulipita Ngata, tukapita Salgaa pale malori yanapojipanga kama mabasi ya shule, tukaanza kupanda. Jua likizama, kabla tu ya kufika Mau Summit, mkanda wa feni ukakatika. Taa nyekundu ikawaka, mvuke ukatoka, dereva akasema neno ambalo sitaliandika.

Mau Summit ina baridi ya kukata masikio. Tulikuwa na magodoro 18 na hakuna blanketi hata moja. Mama mmoja aliyekuwa akifunga biashara yake ya viazi na karoti kando ya barabara alituangalia tunavyojikunyata, akarudi kuwasha jiko lake. Akatuchemshia viazi kwenye sufuria ya timu, tukala na yale mayai ya Nakuru. Nilipotaka kumlipa makaa alikataa, ila alikubali kuuza viazi. Alitupa gunia mbili tupu za kujifunika. "Msiwashe moto karibu na lori," akasema, akaenda zake na tochi ya simu.

Mkanda tuliupata saa tatu usiku kutoka kwa dereva wa trela anayeelekea Malaba. Alikuwa nao wa akiba, haukuwa saizi yetu kamili, lakini fundi wa hapo aliubembeleza ukakubali. Aliuza 1,200, fundi 500. Huyu dereva wa trela alikuwa mwehu wa mpira wa Uingereza, na aliposikia tunahamisha timu alisimama wima.

"Mnajua Wimbledon?" Tukasema tunajua tenisi. Basi akatupa hadithi yote tukiwa tumeshikilia tochi: klabu ya Wimbledon, waliochukua Kombe la FA mwaka 1988 kwa kuwafunga Liverpool, ikaruhusiwa mwaka 2002 kuhamia Milton Keynes, kilomita 90 hivi kutoka kwao. Mashabiki walikasirika wakaunda timu yao mpya mwaka huo huo, AFC Wimbledon, wakaanzia madaraja ya chini kabisa na kupanda moja moja. Ile iliyohama ikabadili jina mwaka 2004 ikawa MK Dons.

"Nyinyi mashabiki wenu wamesemaje?" akauliza.

Kipa wetu, mdomo umejaa kiazi, akajibu, "Alikaa mbele ya gurudumu."

Siku ya 2, Alhamisi: Mau Summit, Kericho, Chemelil, Kisumu

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, tukakata kushoto kwenye njia panda kuelekea Kericho. Tulipita Londiani Junction kimya kimya. Mnamo Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo hapo likavamia watu stendi na kando ya barabara, zaidi ya 50 wakafa. Dereva wetu alizima redio kutoka mbali na hakuiwasha mpaka tulipoanza kuona chai.

Kabla ya Kericho mjini tulisimamishwa na polisi. Afisa alizunguka lori, akainua turubai, akaona machela.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Nikampa orodha. Akaisoma yote, mpaka mipira isiyoshika upepo. Akaomba kuona mmoja ulio mzima. Nikamrushia. Akavua kofia, akaupiga danadana nne kwa buti za kazi, wa tano ukamponyoka ukaingia kwenye mtaro. "Mimi ni Ingwe," akasema akipumua juu juu, yaani shabiki wa AFC Leopards, "tangu utotoni. Endeni salama." Nilikuwa nimeshaandaa maneno mengine kabisa kichwani.

Kericho tulikunywa chai, kama inavyopasa, na chapati mbili mbili. Shilingi 70 kwa mtu. Kutoka hapo barabara inateremka, na kila kilomita unavua kitu: kwanza koti, kisha sweta, ukifika Awasi umebaki na fulana na dirisha liko chini.

Pale Awasi tuliacha lami ya Kisumu tukakata kulia kwenda Chemelil. Hii haikuwa kwenye mpango wa klabu, ilikuwa kwenye mpango wa kocha. Ujanani alichezea timu za viwanda vya sukari, na kuna mzee aliyemwambia anazo nyavu za zamani za kutupatia. Ukiingia eneo la miwa unajua kwa pua kabla ya macho, ile harufu ya molasi iliyochacha. Trekta zilikuwa zikivuta matela ya miwa na watoto wakikimbia nyuma kunyofoa, na hakuna trekta hata moja lililosimama kuwafukuza.

Kwa asiyekumbuka: kulikuwa na wakati ambapo nusu ya utamu wa ligi yetu ulitoka kwenye viwanda. Chemelil, Muhoroni, Nzoia, Mumias, na SoNy kule Awendo, ambao walichukua ubingwa wa Kenya mwaka 2006. Huko mchezaji alipata kazi kiwandani, nyumba ya kiwanda, uwanja wa kiwanda. Kiwanda kikikohoa, timu inalala hospitali. Chemelil walishuka ligi kuu mwaka 2020 na hawajarudi.

Mzee tulimkuta kwake, nyumba ina mwembe mbele. Alikuwa mtunza uwanja kwa miaka mingi. Nyavu zilikuwa zimeliwa na panya, hazifai hata kufugia kuku. Alionekana kuaibika, akaingia nyuma ya nyumba, tukasikia vyuma vinaburutwa. Akarudi na mashine ya kuchorea chaki: gurudumu moja la mbele, pipa dogo katikati, mikono miwili ya bomba. Ilitengenezwa na mafundi wa karakana, akasema, kwa vyuma vya mabaki. Pipa lilikuwa na kutu, lakini gurudumu lilizunguka bila kulia.

"Nilikuwa naipaka mafuta kila mwezi," akasema.

"Ya nini, mzee, na hakuna mechi?" kipa akamuuliza. Nilimkanyaga mguu.

Mzee hakukasirika. "Sasa si mmekuja."

Alikataa pesa katakata. Alichotaka ni tumfundishe kijana mmoja namna ya kuitumia, akanionyesha mwenyewe kwenye ua wake: chokaa na maji kiasi gani, usimame wapi, usiangalie gurudumu bali kamba. Alichora mstari wa mita kumi kutoka mwembeni mpaka kwenye choo, umenyooka kama rula. Tulipoondoka kuku walikuwa wanauchunguza.

*Kwa wasafiri:* ukitoka Kericho na una haraka usikate Awasi. Ukiwa huna haraka, kata, barabara inarudi na kukutoa ile ile. Ahero simama ununue mchele. Pale ndipo kwenye mashamba yake. Nililipa 180 kwa kilo, na mjini Kisumu nilikuta wanauza huo huo kwa zaidi.

Tuliingia Kisumu saa moja jioni kupitia Nyamasaria, tukakuta geti la nyumba ya wachezaji limefungwa kwa kufuli mbili. Wakala akasema kwa simu kwamba amana ya miezi miwili haijaingia. Mweka hazina, ambaye simu yake ilifufuka, akasema ameshatuma. Mmoja wao alikuwa anaongopa, na mpaka leo sijui nani. Wachezaji waliokuja kwa matatu walikuwa wamekaa kando ya barabara na mabegi. Tuliegesha lori kwenye kituo cha mafuta huko Mamboleo kwa ruhusa ya mlinzi, tukatandaza magodoro nyuma na chini ya lori, tukalala watu 19. Mbu wa Kisumu hawana mapumziko ya nusu saa.

Siku ya 3, Ijumaa: Kisumu

Mlinzi alituamsha saa kumi na moja kabla bosi wake hajafika. "Oyawore," akasema, na kutuonyesha bomba la maji. Nilimpa fulana ya mazoezi. Niliifuta kwenye orodha nikaandika *imechakaa*.

Pesa ya nyumba iliingia saa saba mchana. Kutoka asubuhi mpaka hapo tulikaa kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza chapati na omena karibu na geti la shule tuliyopewa kufanyia mazoezi. Alipika, tukala, akapika tena. Aliniita *nyathina*, mwanangu, ingawa nadhani ananipita miaka mitano tu. Kila aliyekula alilipa, maana hapa hatujulikani, na mimi nililipia wanne wasiokuwa na kitu. Shilingi 880 zangu mwenyewe.

Mchana tulishusha mizigo. Nilihesabu tena: mipira 31, kabati moja, vikombe viwili, godoro moja pungufu. Limepotelea wapi kati ya kituo cha mafuta na nyumba, sijui.

Jioni kocha alitupeleka Dunga kula samaki. Ngege wa wastani, wa kukaanga kisha akachemshwa na nyanya, 450, ugali juu yake. Magugu maji yalikuwa yamesukumwa na upepo mpaka karibu na mitumbwi. *Ushauri wa bure:* uliza kama samaki ni wa ziwani au wa vizimba, utaambiwa ukweli ukiuliza kwa adabu. Na tuktuk kutoka mjini patana kabla ya kupanda. Sisi tuliitiwa 400 tukamaliza kwa 250.

Watu wa hapa mji wao wanauita *dala*, yaani nyumbani. Dereva wa tuktuk alipojua sisi ni timu mpya aliuliza swali moja tu: "Na Gor?"

Nikamwambia sisi si wa ligi ya Gor Mahia, timu wanayoipenda hapa.

"Ah, basi sawa. Nitakuja. Gor wakiwa hawachezi."

Siku ya 4, Jumamosi: Kakamega

Mechi ya kirafiki. Matatu ya kukodi, kwenda na kurudi 7,500. Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, barabara ina vilima na watu kila mahali, huwezi kupata mita mia isiyo na mtu anayekwenda mahali. Tulifungwa 3-1 na sitaeleza zaidi.

Kilichonibakia ni mazungumzo baada ya mechi. Tulikwenda kula *ingokho* karibu na uwanja wa Bukhungu, kuku mzima kwa watu wanne, 1,400 pamoja na *busuma*, yaani ugali. Meza ya jirani alikuwapo mzee mwenye kofia ya Leopards iliyopauka. Kijana wetu mmoja alianza kulalamika kwamba timu ya kuhamahama haina mashabiki. Mzee aligeuza kiti.

"Mimi ninaipenda AFC tangu ikiitwa Abaluhya," akasema. "Iliundwa 1964. Mwaka 1980 tukaambiwa majina ya makabila yaondoke, ikawa AFC Leopards. Inakaa wapi?"

"Nairobi."

"Nairobi. Na Gor inakaa wapi?"

"Nairobi pia."

"Haya. Mimi nimekaa Kakamega miaka yote hiyo. Nani kati yetu anahama?"

Nimelifikiria swali hilo njiani na bado nalifikiria. Timu mbili kubwa za magharibi hazijawahi kuishi magharibi. Gor walipochukua kombe la Afrika la washindi mwaka 1987, baada ya sare mbili na Esperance ya Tunisia, Kisumu ilisherehekea kama mtoto wake amerudi na shahada, na mtoto mwenyewe anwani yake ni ya jiji kuu. Zile zilizoishi huku, zilizokuwa na nyumba na uwanja na bomba la maji, ni zile za sukari. Mumias iko mwendo mfupi kutoka mezani petu, kiwanda chake kiliwekwa chini ya mrasimu, msimamizi wa kampuni iliyoelemewa na madeni, mwaka 2019, na timu yake watoto wa leo wanaisikia kwa wazazi. Mzee alinilipia soda, akasema Kakamega Homeboyz siku hizi ndio wanaomtia presha hapa nyumbani.

Siku ya 5, Jumapili

Soko la Kibuye. Jumapili ndiyo siku yake, watu wanatoka mpaka nje ya nchi. Nilinunua vyandarua kumi, kamba ya mita 60 kwa ajili ya kuchorea uwanja, na godoro moja kuziba pengo. Usiende na simu kwenye mfuko wa nyuma. Sikuibiwa, lakini nilimwona aliyeibiwa.

Siku ya 6 hadi ya 10

Mazoezi, mvua ya jioni, mazoezi. Mfadhili alikuja Jumatano akapiga picha nasi, akaondoka.

Ila nitaje jambo moja. Uwanja wa shule haukuwa na mistari. Jumanne nilichanganya chokaa kama mzee alivyonielekeza, nikafunga kamba, nikasukuma. Watoto wa darasa la nne wakatoka wote kuangalia, na mwalimu nyuma yao. Nilipomaliza boksi la kwanza walipiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi katika kazi hii. Tangu hapo kila mazoezi wanakaa nje ya mstari, hakuna anayeukanyaga, na wameshawapa wachezaji wetu majina. Winga wetu anaitwa Omena kwa sababu ya wembamba wake.

Mama wa chapati alikuwa anatuletea birika uwanjani. Alhamisi pesa ya chakula haikuja. Nilimweleza ukweli, kwamba leo hatuna. Alifuta mikono kwenye leso, akaingia kibandani, akatoka na daftari la kijani, akaniuliza, "Niandike nani?"

Nikamwambia aandike mtu wa jezi. Chapati 30, chai 15.

Siku ya 11, Jumamosi: mechi ya kwanza nyumbani

Uwanja wa Jomo Kenyatta, Mamboleo, ule uliofanyiwa sherehe za Madaraka mwaka 2021. Ni uwanja mkubwa na sisi ni wadogo. Tiketi shilingi 100, zikauzwa 71. Wengine kama arobaini hivi walikuwa wale watoto wa shule, waliingia bure na mwalimu wao. Kwa sababu ya njia ya kukimbilia, sauti kutoka jukwaani inafika uwanjani imechoka.

Mvua ya usiku ilikuwa imefuta mstari wa upande mmoja na chaki ya uwanja ilikuwa imeganda. Saa saba mchana nilimtuma kijana na tuktuk kuleta mashine ya Chemelil. Nikachora upande mzima mbele ya refa, kamba imenyooka. Mzee nilimpigia simu kumweleza, akauliza kama nimetia maji mengi.

Tulifungwa dakika ya 12, tukasawazisha ya 80 kwa kichwa. Aliyefunga ni Omena. Watoto walishuka ngazi wote kwa pamoja kama maji, walinzi wakawarudisha. Ikaisha 1-1. Dereva wa tuktuk aliyeuliza kuhusu Gor nilimwona nje ya geti, anasubiri abiria. Alisema alisikiliza kelele, ilikuwa moja kila upande, sivyo?

Siku ya 12, Jumapili: kurudi Nakuru

Familia yangu iko hapa, kwa hiyo nimekubaliana na klabu nitakuwa nakwenda na kurudi mpaka Desemba. Matatu kutoka stendi kuu ya Kisumu, 800, mwendo wa saa nne na nusu. *Ubebe sweta* kwa ajili ya Mau Summit hata kama Kisumu unatokwa jasho. Pale Mau Summit nilitazama kama nitamwona mama wa viazi. Matatu haikusimama.

Vijana walikuwa wamechanga baada ya sare, kila mmoja alichokuwa nacho, na kipa akajazia. Jumatatu asubuhi nilikwenda Afraha. Mama wa mayai amehamia upande wa geti la mjengo, wateja wake sasa ni waashi. Nilimhesabia 2,460. Akahesabu tena mwenyewe, akafungua ukurasa wa *Mtu wa jezi*, akapiga mstari wa kalamu nyekundu kwa kutumia ukingo wa kijiko.

"Mmeshinda?"

"Sare. Moja moja."

"Kipa alifungwaje?"

Nikamweleza, kona fupi, beki wetu mpya hakuruka. Alitikisa kichwa, akanimenyea yai, akalipasua, akatia kachumbari na pilipili kidogo, bila kuniuliza nalipendaje. Nikala nimesimama, nikafuta mdomo, nikamwambia aniandikie.

Alikuwa ameshafunga daftari.

"Sasa wewe unakaa mbali," akasema. "Ni thelathini."

Nikalipa.